Kilo Moja ya Majani Makavu

Juzi jirani yangu hapa Tabora mjini alichemsha nsansa. Sikuiona sufuria yake, maana kati yetu kuna ukuta wa matofali mabichi, lakini harufu ilipita juu ya ukuta ikanikuta nafua. Ni harufu ya majani ya kunde yaliyochemshwa mara moja, yakaanikwa juani, yakakaa gizani miezi mingi, kisha yakarudishwa kwenye maji ya moto. Kidogo inafanana na nyasi za paa zikipata mvua ya kwanza, na kidogo inafanana na gunia lililolala ghalani. Niliacha mikono ndani ya beseni mpaka povu likaisha. Mimi sipiki nsansa. Watu hufikiri nimekwisha kuwa mtu wa mjini, nami huwaacha wafikiri hivyo, kwa sababu kueleza ni kazi ndefu na mimi si mwepesi wa maneno. Ninyi mliokuwa watoto wakati tulipohamishiwa vijijini pengine mtanielewa bila maelezo mengi.

Kabla ya kuhama tulikaa peke yetu, upande wa Puge, kando ya kijia kipana ambacho wazee walisema ndicho walichopita wapagazi zamani, wakienda pwani na kurudi. Wapagazi hawakuwapo tena, lakini desturi ya njia ilibaki. Mama alipopika mboga alipima kwa mkono wake wa kulia, konzi moja kwa kila mtu wa nyumbani, yaani kiasi cha majani makavu kinachojaa ndani ya mkono uliofumbwa. Mwisho aliongeza konzi moja zaidi. Hiyo aliiita ya mgeni. Mgeni asipokuja tuliila wenyewe asubuhi, pamoja na kiporo cha ugali. Sikupata kumwona akitumia kikombe wala kopo. Alitia mkono kwenye kilindo, lile pipa la magome ya mti ambalo babu alilitoa Sikonge, na mkono ulirudi na kiasi kile kile. Mboga yake haikuwa nzito leo na nyepesi kesho.

Kilindo kilijazwa mara moja kwa mwaka. Mvua ikiwa katikati tulichuma majani machanga ya kunde, tukayachemsha, tukayatandaza juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Kazi yangu ilikuwa kufukuza mbuzi. Debe zima la majani mabichi lilinywea mwambani mpaka likabaki kiasi cha kufunika sinia, nami nilidhani jua limekula mengine. Mama alicheka, akasema jua limekunywa maji tu, majani yote yapo. Kilindo kikijaa, alikipiga ubavuni kwa kiganja, akasikiliza, akasema, "Tutavuka." Maana yake tutafika mvua nyingine tukiwa na mboga.

Mwaka ule tuliohama, kilindo kilikuwa kimejaa. Kilibebwa juu ya lori pamoja na vitanda, mitungi na watu. Baba hakuwa nasi. Malisho yalikuwa mabaya, akaenda na ng'ombe upande wa Igunga, na habari za kuhama zilimkuta huko. Kwa hiyo tulikuwa watatu, mama, mimi na mdogo wangu Nyamizi, ambaye alikuwa ameanza tu kukimbia vizuri. Kijiji kipya kilikuwa mistari ya vijiti vilivyochomekwa ardhini kuonyesha wapi nyumba zitakaa. Hapakuwa na kunde za kuchuma. Mashamba yalikuwa bado kichaka, na kiangazi kilikuwa kimeanza. Mama alikiweka kilindo kichwani pa kitanda chake, akakipiga ubavuni, akasikiliza.

Shule ilifunguliwa haraka. Watoto tulisoma mpaka mchana tukiwa na njaa, wengine wakasinzia, mmoja akaanguka mstarini. Katibu wa kijiji akaitisha mkutano na kusema kuanzia mwezi ule watoto watakula shuleni. Unga utatoka serikalini, na mboga italetwa na wazazi, kilo moja kwa kila mtoto kwa kila mwezi, iwe maharage, choroko, karanga au majani makavu. Watu walipiga makofi. Mama naye alipiga, nakumbuka, kwa sababu alinishika kichwa akasema sasa nitasoma nikiwa na nguvu. Kilo ilikuwa bado neno geni kwetu. Wazee walisema ratili, na kina mama walisema kisonzo, kikapu kile cha kupimia nafaka. Hakuna aliyeuliza kilo ya majani ni kiasi gani. Nadhani kila mtu aliifikiria kilo kwa kitu alichokuwa nacho nyumbani.

Siku ya kupeleka, mama alijaza kisonzo kimoja. Kwa mkono wake hicho kilikuwa chakula chetu cha siku nyingi, na alikijaza kwa moyo, akakishindilia, akaongeza juu. Tuliingia mstarini mbele ya duka la kijiji. Aliyepima alikuwa Bwana Masanja, mwenye kusimamia duka, mtu wa mzaha ambaye zamani alipima pamba. Mizani yake ilikuwa ya sahani mbili. Upande mmoja aliweka jiwe la chuma la kilo moja, na upande wa pili ukawekwa mzigo. Mbele yetu mama mmoja alimwaga maharage kutoka kwenye kopo la kawaida la maziwa. Akamwaga kopo la pili. Sahani ikashuka, na yule mama akakunja kitambaa chake akaenda zake.

Mama akamimina majani. Sahani ilijaa ikawa kama kichuguu, majani mengine yakaanguka mezani, lakini haikutikisika. Ilibaki juu. Bwana Masanja aliyashindilia kwa viganja viwili. Yalilia kama majani yanavyolia, yakashuka kidogo, na mama akaongeza mengine mpaka kisonzo kikaisha. Sahani ilikuwa juu vile vile. Upepo ukapita, ukachukua machache ukayapeleka kwa watu waliosimama nyuma.

"Shemeji," alisema Bwana Masanja, "umetuletea moshi?"

Watu wakacheka. Hata mama alicheka kidogo, maana alikuwa mtani wake. Kisha akamwomba apime kwa kisonzo, kama wanavyopima wote. Yule bwana akaacha mzaha. Akasema angependa, lakini mizani ndiyo aliyokabidhiwa, na akipima majani kwa kikapu, wenye maharage nao watataka kikapu. Nilikuwa mfupi, kwa hiyo macho yangu yalikuwa sawa na meza. Niliona kidole gumba chake kimetua kwenye ukingo wa sahani yetu. Kilikaa pale, kizito, na sahani ikaanza kushuka. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Kidole kikaondoka, sahani ikapanda juu kama iliyoshtuka. Bwana Masanja akaanza kuyarudisha majani kwenye kisonzo bila kututazama, akasema tujaze tuje tena.

Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha wiki ile ile kwamba mizani haina ndugu. Alisema macho hudanganya, tumbo hudanganya, mizani haidanganyi. Basi njiani nikatafakari kwa akili yangu ya wakati ule. Ikiwa mizani haidanganyi, na mizani inasema majani yetu si kitu, basi tangu nizaliwe nimekuwa nikila kitu kisichokuwapo. Jioni nilimtazama Nyamizi alipovua gauni. Mikono yake ilikuwa myembamba, na mbavu zilionekana akivuta pumzi. Nilikuwa nimeziona kila siku bila kuzijali. Sasa niliona sababu. Alikuwa amelishwa moshi. Nilianza kumtazama usingizini, nikamwekea kiganja juu ya kifua kana kwamba upepo ungeweza kumchukua naye.

Jirani alimshauri mama atwange. Majani yaliyotwangwa hayapeperuki, alisema, na yatakaa vizuri kwenye sahani. Nilifurahi kupita kiasi. Nilitazama unga ukikusanyika chini ya kinu, wa kijani uliokoza, mzito kwa macho, unaoshikamana na kidole, nikaamini kwamba mchi unayapa majani uzito ambao hayakuwa nao. Nilitwanga pamoja na mama kwa zamu mpaka viganja vikaniwaka. Nilitaka kuiona ile sahani ikianguka chini kwa kishindo.

Tuliporudi, unga wa kisonzo kizima ulikaa katikati ya sahani kama chungu ya mchanga ya mtoto anayecheza. Sahani ilibaki juu. Mama alimimina unga wa kisonzo cha pili, kisha akanituma nyumbani, nikaja na mengine ambayo hayakutwangwa, yakatwangwa kwenye kinu cha jirani wa duka. Watu waliokuwa nyuma yetu walipimiwa wakaondoka. Sahani iliposhuka hatimaye, ilishuka taratibu, bila kishindo, na haikufika chini. Ilisimama sawa na mwenzake. Bwana Masanja akasema, "Imetosha, mama," wala hakusema shemeji.

Usiku huo mama alikipiga kilindo ubavuni. Hata mimi nilisikia kwamba sauti ilikuwa imebadilika. Sehemu kubwa ilikuwa imekwenda kwa mtoto mmoja, kwa mwezi mmoja. Yaliyobaki aliyatwanga nayo, kwa kuwa mwezi ujao yangepimwa tena, na hapo ndipo jambo jingine lilipotokea, ambalo ndilo hunirudia nikisikia harufu ile.

Kesho yake alipika kama alivyopika siku zote. Maji yalichemka, akatia mkono, akatoa konzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile ya mgeni. Hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Ila mkononi sasa mlikuwa na unga, na konzi moja ya unga ilibeba konzi nyingi za majani. Mboga ikavimba. Ikageuka nyeusi, ikavutana kama udongo wa kufinyangia, ikapanda ukingoni na kuzima moto upande mmoja. Mama aliongeza maji, akaongeza tena, akahamishia nusu kwenye chungu kingine, lakini uchungu haukuondoka. Tulikula tumefumba macho. Nyamizi alitema. Ilikuwa mboga ya siku nyingi, imekwisha kwa kupikwa mara moja, na kwa joto la kiangazi asubuhi ilikuwa imechacha.

Siku iliyofuata alitia kidogo, ikawa maji ya kijani. Siku nyingine akaongeza kidogo, ikawa chungu tena. Ninyi mnaopika mnajua ni kitu gani kusimama mbele ya moto bila kujua kiasi. Kwetu kulikuwa na zaidi ya hapo, kwa sababu kila kosa liliondoka na chakula ambacho hakingerudi. Nilimwona ameketi na kilindo kati ya miguu, mkono wa kulia umefumbwa na umejaa, akiutazama kama mkono wa mtu mwingine. Alifumbua vidole, unga ukateremka.

"Mkono wangu umenipotea," alisema.

Hakuwa akiniambia mimi. Lakini tulikuwa peke yetu, Nyamizi amelala. Tangu siku hiyo alipima kwa ncha za vidole, kwa woga, na konzi ya mgeni haikuwapo tena. Wageni nao hawakuwapo. Katika kijiji kile kila mtu alikuwa mgeni.

Shuleni mambo yalikuwa kinyume. Mpishi alikuwa Mama Zuhura, mke wa fundi cherehani aliyehamia kutoka mjini, mwanamke wa kilemba cheupe aliyezoea pilau na mchuzi wa nazi, ambaye hakuwahi kupika nsansa maishani mwake. Aliuogopa ule unga kwa uchungu wake. Alitia kidogo sana ndani ya sufuria kubwa kama pipa, pamoja na karanga za watoto wengine, akakoroga kwa mwiko mrefu, na ikawa mboga nzuri. Watoto walikomba sahani. Maharage ya makopo mawili yaliisha kwa siku moja, lakini unga wa mama ulipika, ukapika tena. Nilikula nikiwa nimeinama. Nilitambua ladha ya mwamba wetu, ule moshi mwepesi wa kuni za mgunga aliochemshia mama. Nilijua kwamba nyumbani wakati huo wanakula ugali kwa chumvi, kwa sababu kilichobaki kinatunzwa kwa ajili ya kilo yangu ya mwezi ujao. Kila tonge lilikuwa na mtu anayelikosa, na mtu huyo nilimjua jina.

Nyamizi hakufa, nisije nikawatia hofu. Yupo, na sasa ana maneno mengi kuliko mimi. Lakini kiangazi kile alirudi nyuma. Mwanzoni nilipotoka shule alikuwa akinikimbilia mpaka kwenye kichuguu cha njiani. Baadaye alinisubiri mlangoni, kisha alinisubiri akiwa amekaa. Miguu yake ikawa na uzito wa ajabu, nami kwa ujinga wangu nikaona ajabu mtu aliyelishwa moshi awe mzito kiasi kile. Mama alianza kumbeba mgongoni tena alipokwenda kuteka maji, ingawa umri wa kubebwa ulikuwa umempita.

Mwezi ulipoisha mama alikung'uta kilindo juu ya kanga, akakipangusa ndani kwa mkono, akafunga kila kilichokuwamo. Tulipeleka furushi hilo dukani. Sahani ilishuka nusu ya safari, ikasimama. Hakukuwa na mengine ya kwenda kuchukua, na mama alisema hivyo kwa sauti ndogo. Alinyoosha mikono kuyachukua yarudi nyumbani. Bwana Masanja akamzuia kwa huruma. Akasema ayaache pale pale, kwenye ghala la mboga za shule, akirudi nayo nyumbani yataliwa na kilo haitapatikana kamwe. Atakapopata kidogo kidogo ataongeza, na mtoto atakula.

"Atakula kweli?" mama aliuliza.

"Atakula, shemeji. Nani atamnyima mtoto?"

Mama alishukuru. Tukarudi na kanga tupu. Ninaamini Bwana Masanja alisema alichokidhania. Ila saa ya kula haikuwa mikononi mwake. Mwalimu wa zamu aliyasoma majina ya watoto ambao kilo zao zimetimia, na waliotimiza waliingia mstarini. Jina langu halikusomwa. Tulikuwa wachache, tukaambiwa tukae kivulini upande wa ukuta wa jiko mpaka wenzetu wamalize. Sikusema kwamba majani yetu yamo ghalani. Nilijaribu kupanga sentensi yenyewe kichwani, nikaianza mara nyingi, lakini mwalimu alikuwa amekwisha kugeuka. Nyumbani pia sikusema. Mama alikuwa ametoa yote ili mimi nile, na niliona kwamba nikimwambia sijala, atakuwa ameyatoa bure, na hatakuwa na cha kufanya.

Siku moja, nikiwa nimekaa pale ukutani, Mama Zuhura alitoka ghalani na furushi. Maharage yalikuwa yamekwisha mapema kama kawaida yake. Alimimina, akakoroga, na harufu ikatoka dirishani juu ya kichwa changu. Niliijua kabla sijafikiri. Ilikuwa ile tuliyoikung'uta kwenye kanga. Wenzangu wa ukutani walimeza mate. Mimi nilifunika pua kwa ukosi wa gauni, kwa sababu nilihisi naila peke yangu na kuinyima nyumba nzima.

Njia ya kisimani ilipita nyuma ya jiko lile. Mama alitokea akiwa na debe la maji kichwani na Nyamizi mgongoni, amelaza shavu. Alipofika usawa wa dirisha akapunguza mwendo, akasimama. Alinusa. Nilisimama haraka nikajipangusa mavumbi, nikamwendea, nikasimama mahali ambapo asingeona wenzangu waliokaa.

"Leo wamepika ya kwetu," alisema kwa Kinyamwezi, na uso wake ukafunguka. Sikuwa nimeuona hivyo tangu tuhame. "Umekwisha kula?"

"Nimekula, mayu."

"Imekuwaje? Nzito?"

"Imekaa vizuri."

"Haina uchungu?"

"Haina."

Alisogea karibu zaidi, taratibu ili maji yasimwagike. Akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza, "Umemwona akitia? Alitia konzi ngapi?"

Sikuwa nimeona kitu. Dirisha lilikuwa juu. Nilimwambia nusu konzi, kwa kuwa ndilo jibu lililokuja, na kwa kuwa alikuwa akinitazama mdomoni.

"Nusu," alisema. Mkono wa kushoto ukashika debe. Wa kulia akaushusha, akaufumba nusu, akaupimapima hewani, akaurekebisha vidole kidogo, mpaka akaridhika nao. Aliondoka hivyo hivyo kuelekea nyumbani, ambako hakukuwa na hata kipande cha jani, akiwa ameushika mkono ule mbele yake kwa uangalifu, kana kwamba akiulegeza, kiasi hicho kitamwagika.